Ngozi ya Petroli Niliyomwazima Munywani Wangu

Kosa ni langu. Nalisema mapema, usije ukachoka katikati ukaacha kusoma, ukadhani nimekuja hapa kumsema mtu. Nitamsema mtu, ndiyo, tena nitamsema sana. Lakini kosa ni langu.

Kabla sijafika huko, nikupe habari ya kondoo dume wa baba yangu mdogo.

Nilikuwa bado mtoto, hata kuchunga sijaanza. Baba mdogo alikuwa ameandaa lubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa ajili ya wageni waliokuja kuposa. Kama wewe si mtu wa huku, lubisi inatengenezwa kwenye gogo lililochongwa kama mtumbwi. Ndizi mbivu zinakanyagwa humo kwa miguu pamoja na nyasi mpaka zitoe maji, unatia mtama uliokaangwa, unafunika kwa majani ya mgomba, na kesho yake inachemka yenyewe bila moto. Basi yule kondoo akakata kamba, akaja akanywa, akazidiwa, akatumbukia mzima mzima. Wageni walipofika walimkuta baba mdogo amemshika masikio anamvuta, na kondoo anaimba. Mimi nilimsikia, alikuwa anaimba.

Pombe waliinywa hivyohivyo baada ya kutoa manyoya. Kondoo akachinjwa siku ileile kwa kosa la ulevi, na ngozi yake ikapakwa samli, mama akapewa awe ananilazia. Miaka miwili ile ngozi ilinuka lubisi. Mvua ikikaribia inanuka zaidi. Bibi yangu alikuwa anasema, "Huyu atakuwa mlevi, na wa kulaumiwa ni kitanda."

Nikakua nikijua jambo moja ambalo sikulipata shuleni: ngozi haisahau ilichokunywa.

Shule yenyewe sikukaa. Nilisoma kwa Walutheri, darasa la kwanza mara mbili, la pili nusu, baba akafa, nikarudi kwenye kibanja chetu cha migomba na kahawa. Nilipopata ndevu nikashuka Bukoba mjini kutafuta kazi. Ilikuwa wakati wa Mwingereza, vita vya pili vimekwisha, wale waliopelekwa Burma wameanza kurudi na makoti yao. Nikapata kazi kiwanja cha ndege.

Usifikiri kiwanja kama hivi vya sasa. Ulikuwa uwanja wa majani kando ya ziwa, na kibanda cha bati. Kazi yangu kufyeka, kufukuza ng'ombe za watu, na kuwasha moto wa majani mabichi ndege ikisikika, ili rubani aone moshi unaelekea wapi na ajue upepo. Ndege yenyewe ndogo, injini moja, mbele ina pangaboi la mbao. Inaleta barua na wakubwa wa serikali kutoka Mwanza, inalala, asubuhi inarudi.

Pale nilimkuta fundi Selemani.

Selemani alikuwa Mnyamwezi wa Tabora. Mwembamba, mpole, anasali sala zake zote. Alipanga chumba Miembeni, hana mke, hana ndugu, Kihaya hajui zaidi ya kusalimia, na hata hiyo salamu watu walikuwa wanamcheka. Kwetu mtu kama huyo tunamwita munyamahanga, mtu wa nchi za watu. Hakuna ubaya katika neno hilo, lakini ukiitwa hivyo unajua siku ya shida utasimama peke yako.

Kiswahili hiki unachosoma alinifundisha yeye. Na kusoma vilevile. Kazi ikiisha mchana anachukua mkaa, anaandika juu ya pipa tupu la petroli, ananiambia, "Soma, Mhaya." Nikikosea anasema, "Umesoma kama mbuzi anayepanda ngazi. Rudia." Tulikuwa tumefika mahali naweza kusoma barua fupi ya mtu, kama mwandiko si wa haraka.

Sasa nieleze ngozi, maana bila hiyo hutaelewa kitu.

Petroli ilikuja kwa meli, kwenye mapipa. Mapipa yanakaa nje, na mvua ya Bukoba unaijua, hainyeshi, inakaa. Maji yanapenya taratibu pale kwenye kifuniko. Kwa hiyo ukitaka kuijaza ndege, unaweka faneli kubwa kwenye tangi, juu ya faneli unatandika ngozi laini, nyembamba, ya njano, kama sikio la ndama. Unamimina petroli juu yake. Petroli inapita, maji yanabaki juu yanacheza kama shanga. Mara ya kwanza kuona nilisema huu ni uchawi. Selemani akacheka.

"Si uchawi. Lakini sikiliza. Ngozi hii isiguse maji hata siku moja. Ikilowa maji ikayanywa, itayapenda. Itaanza kuyapitisha. Na injini ikipata maji, pale juu hakuna kando ya kupaki."

Ilifungiwa ndani ya sanduku la bati lenye kufuli. Ufunguo ulikaa shingoni mwa Selemani, kwa uzi.

Huyo ni mmoja. Sasa nikuambie wa pili.

Laurenti alikuwa munywani wangu. Wa nyumbani Nshamba, huko Muleba. Munywani si rafiki tu. Sisi wa zamani tulikuwa tunachukua kahawa moja, tunaipasua, mle ndani mnakaa punje mbili zilizolala pamoja. Kila mmoja anachanjwa kidogo karibu na kitovu, punje inapakwa damu, mimi nakula yenye damu yako, wewe unakula yenye damu yangu. Mnaapa mbele ya watu: nikikuita usikatae, ukiwa na shida nisikutaje kwa mtawala, na atakayemgeuka mwenzake damu ile imvimbishe tumbo afe. Mapadri na wachungaji walikuwa wanatukataza. Tulikubali kanisani, tukafanya kibanjani.

Laurenti alikuja mjini Jumamosi moja, akanikuta natandika ngozi kwenye faneli. Akasimama akaangalia petroli inavyotoka chini, nyeupe kama machozi.

"Munywani," akasema, "kitu hiki kikichuja lubisi itakuwaje?"

"Lubisi inachujwa na nyasi tangu babu zetu."

"Na tangu babu zetu tunatema makapi. Kesho namwoza dada yangu. Wakwe ni watu wa mkungu, mwenye kijiji. Wanakunywa kwa glasi, mwenzangu. Kwa glasi! Nikiwamiminia pombe inayoonekana mpaka upande wa pili, ukoo wetu utasemwa mpaka Karagwe."

"Siwezi, si yangu."

Akajigusa tumboni, pale karibu na kitovu. Alijigusa tu, akaniangalia.

Ungefanya nini? Najua utasema ungekataa. Wewe hujala ile kahawa.

Nikamwendea Selemani nikamwambia, fundi, nipe ufunguo, nimesahau panga ndani ya sanduku. Akauvua uzi shingoni akanipa bila hata kunitazama, anafunga tairi. Nikatoa ngozi, nikaiviringisha ndani ya jani la mgomba, nikampa Laurenti. Nikafunga sanduku, nikarudisha ufunguo. Ndege itakayofuata kujazwa ilikuwa ya Jumanne.

"Jumanne alfajiri iwe hapa," nilimwambia. "Na isiguse maji."

"Mimi ni mtoto?"

Jumanne alikuja kweli, na lori la kahawa. Akanipa jani lilelile. "Chukua ngozi yako. Sikuitumia. Wazee wa kwetu walikataa, wakasema pombe ya arusi haichujwi kwa ngozi ya Mzungu. Tulitumia nyasi."

Nikaifungua. Ilikuwa na ubaridi wa unyevu.

"Mbona imelowa?"

"Umande, bwana. Nimekaa juu ya lori usiku kucha, hata mimi nimelowa. Utanikamua na mimi?"

Nikainusa. Ilinuka sabuni. Hapo, ndugu yangu unayesoma, hapo ndipo nilipokosa kuliko mahali pengine pote. Kondoo wa baba mdogo nilimjua. Pua ilinieleza. Lakini kwetu munywani akikurudishia kitu ukaanza kukigeuzageuza mbele yake unatafuta doa, umemtukana yeye na damu yake. Nikaona aibu kuinusa mara ya pili. Nikasema, "Arusi ilikuwa njema?" Akasema, "Njema sana, walikunywa wakalala mlangoni."

Nikaianika kidogo juani. Jua lenyewe halikuwapo.

Rubani alikuwa na haraka siku ile, wingu limesimama ziwani, anataka kuondoka kabla halijafika. Selemani alikuwa chini ya bawa anahangaika na breki. Desturi yake ilikuwa kufungua kikoki chini ya tangi, anamwaga kidogo kwenye glasi, anaangalia kama kuna maji. Rubani akampigia kelele aache mambo mengi. Selemani akaniuliza mimi.

"Umechuja?"

"Nimechuja."

"Ngozi iko sawa?"

"Iko sawa."

Akafunga, akarudi nyuma, akanipungia mkono nizungushe pangaboi.

Ndani walikuwa rubani na karani mmoja wa serikali aliyekuwa anahamishiwa Mwanza, ameshika kofia yake magotini. Ndege ikakimbia, ikainuka, ikatoka juu ya maji. Mimi huwa naiangalia mpaka iwe kama nzi. Siku hiyo haikufika kuwa nzi. Karibu na kisiwa cha Musira ikakohoa. Ikanyamaza. Ikakohoa tena, halafu kimya. Watu hawajui ndege ikizima inakuwaje. Hakuna mshindo. Unasikia mawimbi tu, na unajiuliza kwa nini leo nayasikia.

Rubani aliigeuza. Aliileta ikiteleza, inashuka, inashuka, tukaona atafika uwanjani. Hakufika. Magurudumu yalishika maji hatua kama mia kutoka ufukweni, ikabinuka, mkia juu, kwenye mafunjo.

Selemani aliingia majini na nguo zake zote. Hajui kuogelea, Tabora hakuna ziwa. Maji yalimfika kidevuni. Mimi na wavuvi wawili tulimfuata. Karani tulimtoa bega limevunjika. Rubani mguu ulikuwa umebanwa, tulikata chuma kwa shoka, na Selemani muda wote ameshika kichwa cha yule Mzungu juu ya maji, anamwambia, "Pole bwana, pole bwana." Hakufa mtu. Ule mguu lakini haukupona.

Baada ya siku chache akaja Mzungu mkaguzi. Akatusimamisha pale kwenye kibanda, mimi na Selemani. Ngozi ipo mezani. Akachukua kisu kidogo, akaikwangua kwenye mshono, akatuonyesha ncha ya kisu. Ganda la mtama. Ganda jekundu la mtama uliokaangwa.

Mpaka dakika ile nilikuwa najiambia labda ni umande.

"Hii naoshwa na sabuni," mkaguzi akasema kwa Kiswahili chao kile. "Mbele ya sabuni, nachuja pombe. Ufunguo ya sanduku iko kwa nani?"

"Kwangu," Selemani akasema.

"Wewe natoa kwa mtu?"

Selemani alinitazama. Hakunitaja mara moja. Alisubiri. Na mimi nilijua anachosubiri: anasubiri niseme mwenyewe, ili heshima yangu isivunjwe na mtu mwingine. Alinipa nafasi hiyo kama unavyompa mgeni kiti.

Nikatazama chini.

"Nilimpa huyu, Jumamosi," akasema polepole. "Alisema anachukua panga. Mwulize, bwana. Atakuambia kweli. Huyu ni mwenzangu."

"Wewe napewa ufunguo?"

Niliwaza kusema ndiyo. Lakini ndiyo yangu ingeniuliza, na ngozi ulimpa nani? Nikaona punje ya kahawa. Nikaona Laurenti anafungwa kamba huko Nshamba mbele ya wakwe zake. Nikasikia kiapo, usinitaje kwa mtawala. Na nisijifanye mwema: nilijiona na mimi nimefungwa kamba ileile.

"Sikupewa ufunguo wowote," nikasema.

Selemani hakubisha. Yeye Mwislamu asiyeonja pombe, wakamwandika kwamba alichujia pombe. Wakampeleka mahabusu.

Usiku huo sikula. Nikajiambia, nimemlinda munywani, sasa munywani atanilinda mimi. Tutakwenda wawili, tutasema kweli wawili, adhabu ya watu wawili ni nyepesi. Asubuhi nikapanda lori mpaka Nshamba.

Nilimkuta Laurenti barazani, yuko na shemeji zake wapya, wanakunywa. Akanikaribisha kwa furaha, akaniwekea mrija. Nikamwita kando, kwenye migomba.

"Laurenti, uliitumia ile ngozi."

Akacheka. "Nani amekuambia?"

"Mtama umenambia."

"Haya, niliitumia. Ungeona ile pombe! Mkwe aliinua glasi akamwona mke wake upande wa pili. Mke wangu akaifua mtoni, sabuni nzima, tukasema hutajua."

"Kwa nini ulinidanganya?"

"Ningekuambia ungenipa siku nyingine?"

Nikamweleza yote. Ndege, mguu wa rubani, Selemani ndani. Nikamwambia twende Bukoba wote wawili. Uso wake ukabadilika, kama mlango unaofungwa polepole na mtu asiyetaka usikike.

"Ngozi gani?" akasema.

"Usinifanyie hivyo."

"Nakuuliza, ngozi gani? Mimi Jumamosi hiyo nilikuwa hapa naandaa arusi ya dada yangu, waulize hawa wote. Wewe umemkana fundi wako mbele ya Mzungu, sasa unataka nikuonee huruma mimi?"

"Tulikula kahawa, Laurenti. Utavimba tumbo."

Akalipiga tumbo lake kwa kiganja, likalia kama ngoma. "Hili limevimba zamani, kwa lubisi. Nenda kamwokoe munyamahanga wako peke yako. Na ukinitaja, wewe ndiye utakayekuwa umevunja kiapo, siyo mimi."

Halafu akarudi barazani, nikamsikia anawaambia shemeji zake, "Ni mtu wa mjini, alikuja kukopa." Wakacheka.

Nilirudi Bukoba kwa miguu sehemu kubwa, kwa sababu sikutaka kukaa karibu na mtu. Njiani nilikuwa najiambia nitakwenda ofisini peke yangu. Siku ya kwanza nilifika mlangoni, nikasema kesho. Siku ya pili nikafika, mkaguzi yuko kwenye chakula, nikashukuru Mungu yuko kwenye chakula. Siku ya tatu mkaguzi ameondoka, na Selemani ametolewa. Walimfukuza kazi, na cheti chake wakakigonga mhuri wa maneno mekundu. Fundi mwenye cheti cha namna ile hapati kushika hata baiskeli ya serikali.

Mimi wakanipa sanduku na kufuli jipya. Nikawa mkubwa wa mapipa. Nilikaa kazi ile mwaka na zaidi kidogo, sikuiweza. Kila nikimimina petroli nilikuwa nasikia mtu ananiuliza iko sawa, nami najibu. Laurenti aliishi miaka mingi, alizaa watoto tisa, hakuvimba chochote. Tulikutana mara mbili sokoni, tukasalimiana kama watu. Na kusoma kwangu kuliishia palepale Selemani alipoachia, ndiyo maana ukiona nimekosea herufi humu usinicheke sana.

Onyo langu nalitoa hapa, kwa sababu baada ya hili nitakalosimulia sitakuwa na la kuongeza. Wewe kijana, kiapo kinachokutaka umtoe mtu asiye na ndugu kikatae, hata kama ulikila ukakimeza. Usimwazime mtu kitu ulichokabidhiwa na mwenzako. Na rafiki akikurudishia kitu, kinuse. Kinuse mbele yake. Akikasirika, hapo umepata jibu.

Siku ile ya tatu nilimfuata Selemani Miembeni. Nilimkuta nje ya chumba chake anafunga mkeka kwa kamba, sufuria moja, birika, na blanketi. Fundo lilikuwa halikazi. Nikasema, "Lete nikufungie." Hakunipa. Akalifunga mwenyewe, mara ya tatu likashika.

"Selemani," nikasema, "ule ufunguo..."

"Umekula?" akaniuliza.

Sikuelewa. Nikasema sijala.

"Kuna viazi ndani, vimebaki. Mwenye nyumba anajua."

Nikamwambia nitakwenda kusema, nitakwenda leo hii, wamwite mkaguzi arudi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyokuwa akinisikiliza nikisoma vibaya. Nilisubiri aseme rudia. Hakusema. Akaweka mkeka begani, akatwaa birika, akashika njia ya bandarini. Nilitembea nyuma yake hatua kadhaa, halafu nikasimama, kwa sababu hakupunguza mwendo wala hakuongeza. Meli ya Mwanza iliondoka siku hiyo. Bukoba hakurudi tena.